Bi Kovu na Bi Harusi

Kazi ya kufuata kima ina sharti moja, na Mzee Darubini alilishika kuliko alivyowahi kushika ahadi yoyote aliyompa mkewe: jua likae mgongoni. Ukisimama jua likikutazama usoni, kima aliye juu ya mti anakuwa doa jeusi tu, kama sizi la jikoni. Likikaa nyuma yako, unamwona mpaka kope. Kwa hiyo zamu ya asubuhi ilikaa upande wa mawio, zamu ya mchana ikakaa upande wa machweo, na kazi ikaenda hivyo miaka nenda miaka rudi bila mtu kuuliza swali.

Zamu ya asubuhi ilikuwa ya shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye kambi nzima ilimwita Alfajiri kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona kitandani jua likiwa limetoka. Ya mchana ilikuwa ya Mzee Darubini mwenyewe. Wawili hao walikutana saa sita kwenye njia panda chini ya kambi, mmoja akirudi kula, mwingine akienda kazini. Hapo walipeana habari za kundi, na habari zikiisha wakapeana kejeli.

Kejeli zenyewe zilikuwa juu ya majike wawili wa kima. Alfajiri alikuwa na wake, Bi Kovu: sikio limeraruka, shavu lina kovu jeupe kama limemwagikiwa uji, jicho limesinyaa. Bibi mkali, alisema Alfajiri, amepigana na mwewe na akashinda. Mzee Darubini alikuwa na wake, Bi Harusi: sikio zima, shavu laini, jicho linang'aa kama kifungo kipya cha koti. Asubuhi Bi Kovu aliketi kwenye tawi la mwisho la mti mkubwa ulioinamia mto, akitazama mashamba ya ng'ambo, maana hatari ya watu na mbwa hutokea huko. Mchana Bi Harusi aliketi kwenye tawi lilelile akitazama mashamba yaleyale. Wote wawili walikuwa walinzi wa kundi. Hata kima wana zamu, walisema mashemeji, na walisema kwa fahari, kama vile kima wamejifunza kwao.

Jambo moja tu lilikuwa geni. Majike wale hawakuwahi kuonekana pamoja. Kuna siku Mzee Darubini alimwona Bi Kovu akipita mbio kwenye matawi jioni, lakini Bi Harusi alikuwa ameshatoweka. Kuna siku Alfajiri alimwona Bi Harusi akiruka asubuhi, na kumbe Bi Kovu ameshaondoka. Wake wenza, mashemeji wakakata shauri. Wamenuniana. Mzee Darubini alikuwa na kisa kizima cha chanzo cha ugomvi, chenye dume moja lenye ndevu, tunda lililofichwa na maneno ya uchochezi, na kila mwaka kisa kiliongezeka sura moja.

Sasa kisa cha namna hiyo kikibaki mdomoni mwa mzee hakina madhara. Hiki hakikubaki. Kilimfikia Bosi.

Bosi ndiye mama mtafiti aliyeanzisha kambi ile akiwa binti mwenye magoti mazima. Magoti sasa yalikuwa yamemgomea, naye akawa mtu wa mezani. Ukutani mwa ofisi yake kulikuwa na picha ya kila kima wa kundi lile, ambao aina yao imebaki katika misitu michache sana duniani, na picha zote zilipigwa na mashemeji, kila mmoja kwa upande wake wa jua. Kutokana na habari walizomletea, Bosi alikuwa ameandika juu ya majike wawili wanaogawana ulinzi bila kukutana, jambo ambalo halijawahi kuonekana kwa kima wa aina yoyote. Wataalamu wa mbali wakamwandikia. Wakamwalika. Wiki iliyokuwa inakuja alikuwa apande ndege, asimame mbele ya watu wanaojua kima kuliko wanavyojua watoto wao, awaeleze Bi Kovu na Bi Harusi. Jina lake lote la kazi lilikuwa limekaa juu ya majike wale wawili, kama ndoo juu ya kichwa.

Ili asiende mikono mitupu alitaka ushahidi wa mwisho. Bi Kovu avishwe kola yenye redio ndogo. Mashine ya kupokea italia kwa nguvu akiwa karibu, na kwa unyonge akiwa mbali. Hapo itajulikana Bi Kovu hukaa wapi wakati Bi Harusi yuko zamu.

Daktari wa wanyama alikuja toka mjini, akamlenga Bi Kovu kwa bunduki ya sindano ya usingizi asubuhi na mapema, kima akaanguka kwenye wavu kama embe bivu. Wakamfunika uso kwa kitambaa mara moja, maana mnyama aliyelazwa kwa dawa hafumbi macho na mwanga humuumiza. Alfajiri alimshika mkono muda wote na kumwita mama. Kola ikafungwa kwa bisibisi, nyeusi, ikapotea ndani ya manyoya ya shingo. Usingizi ulipomtoka, kitambaa kikavutwa, naye akapanda mti kwa hasira bila kugeuka nyuma.

Saa sita Alfajiri akakabidhi mashine kwenye njia panda. Alitembea kama baba anayeozesha binti. Alimwambia shemeji yake asikilize kwa makini leo, atajua jinsi Bi Kovu asivyoweza hata kupumua hewa moja na yule mtoto wa kujipodoa.

Mzee Darubini akashuka bondeni, akaweka jua mgongoni, akamwona Bi Harusi wake kwenye tawi, uso kwenye mashamba. Akawasha mashine.

Mashine ikapiga kelele kama paka aliyemwagikiwa chai.

Akaigeuza. Akaitikisa. Akaipuliza, ingawa hakuna mtu anayejua kuipuliza mashine kunasaidia nini. Ukiielekeza mlimani inanong'ona, ukiielekeza kwa Bi Harusi inapiga mayowe. Kwa maneno mengine Bi Kovu alikuwa palepale. Mzee akatafuta juu ya mti, chini ya mti, nyuma ya mti. Hapakuwa na Bi Kovu. Palikuwa na Bi Harusi, ametulia, anajikuna.

Jioni alimweleza Bosi. Bosi akavua miwani. Aliuliza polepole kama ina maana wamepatana. Baada ya miaka yote hii, wamepatana wiki hii? Mzee akasema hajui, ila kama wamepatana basi mmoja amekalia mwingine. Fundi wa redio akaletwa, akaifungua mashine, akaifunga, akasema ni nzima na inasikia vizuri kuliko wote waliomo chumbani.

Kesho yake mambo yakazidi. Bi Harusi alijikuna shingo, manyoya yakapanda, na Mzee Darubini akaona kitu cheusi. Akasugua lenzi. Akasugua macho. Bi Harusi alikuwa amevaa kola.

Akili ya Mzee Darubini ilikuwa ya kutunga, na ilipopigwa na butwaa ilitunga zaidi. Kwanza alifikiri kola imeanguka na Bi Harusi kaiokota, kwa sababu mwanamke mzuri hapiti pambo chini. Akakumbuka bisibisi. Kisha akafikiri Bi Kovu kamvisha mwenzake ili asingiziwe yeye. Kisha likamjia la kweli, au alilolidhani la kweli: Alfajiri amemchezea. Walimpiga sindano Bi Harusi wake asubuhi ile, wakamvisha kola, wakadai ni Bi Kovu.

Siku iliyofuata alimngoja njia panda huku amekunja uso.

"Shemeji, mmemfanya nini binti yangu?"

Alfajiri alimwangalia kama anayetazama mlevi. Aliapa kwamba asubuhi hii hii kamwona Bi Kovu kwenye tawi, na kola shingoni, kwa macho yake mawili. Mzee akaapa kwamba jana mchana kamwona Bi Harusi na kola shingoni, kwa macho yake mawili na darubini juu. Kola ilikuwa moja. Daktari wa wanyama alikuja na moja, akaondoka bila hata moja.

"Basi wanaazimana," alisema Mzee Darubini.

"Ndiyo. Na yule chatu uliyemkalia mchana kutwa ukidhani ni gogo, naye alikuazima mgongo."

"Yule chatu ni kweli."

"Shemeji, wewe ukisema kumekucha, mimi hutoka nje kwanza nikaangalie."

Wakaachana vibaya. Lakini neno lile lilimchoma mzee, maana lilikuwa na ukweli kiasi. Alikuwa amepiga chuku maisha yake yote kwa raha zake, na sasa ameona jambo lisilohitaji chuku, na hakuna wa kumwamini. Kichwa kilikuwa kinamwanga alipofika bondeni. Akakaa. Bi Harusi naye kakaa, uso ng'ambo, shavu lake lilelile zuri kwa upande wake. Lilelile siku zote.

Hapo ndipo alipojiuliza swali ambalo halikuwahi kumpitia: la upande wa pili likoje?

Akafanya kitu ambacho angemfokea mtu mwingine kwa kukifanya. Alizunguka mti akaenda upande wa mawio, mchana ule, jua likimchoma machoni. Hakuona sura. Aliona kivuli tu, kichwa cheusi juu ya mwanga. Lakini kivuli kilikuwa na sikio, na sikio lilikuwa limeraruka.

Akarudi mbio upande wake. Sikio zima. Akazunguka tena. Limeraruka. Akarudi. Zima. Akaenda na kurudi hivyo mpaka pumzi ikamwishia na kima wadogo wakashuka matawi ya chini kumtazama, kwa sababu hata wao hawakuwahi kuona mtu mzima akiuzunguka mti kama kuku aliyepotewa na vifaranga. Bi Harusi peke yake hakumjali. Alikuwa kazini.

Palikuwa na sehemu moja ambapo hakuna mtu wa kambi aliyewahi kusimama. Mbele yake. Mbele yake kulikuwa na mto, na ng'ambo ya mto mashamba ya watu, na kazi ya kambi iliishia majini. Mzee akavua viatu, akavuka maji yakimfika magotini, akasimama katikati ya mahindi ya mtu. Akainua darubini.

Kima alimtazama. Alikuwa akilinda upande huo miaka yote, na leo adui amekuja kweli. Alimtazama uso kwa uso, na uso ule ulikuwa nusu shavu laini na jicho la kifungo, nusu kovu na jicho lililosinyaa, kama watu wawili walioshonwa pamoja na fundi mwenye haraka. Kisha akabweka kuonya kundi, na kundi zima likamkimbia Mzee Darubini, mtu waliyemzoea tangu wazaliwe.

Alirudi nyumbani mapema. Mkewe alimkuta ameshika tama mlangoni.

"Nani amekufa?" aliuliza.

"Bi Harusi."

"Lini?"

"Sijui kama aliwahi kuzaliwa."

Mkewe alikaa naye. Alimsikiliza mpaka mwisho, na kwa kuwa alikuwa amekaa na masimulizi ya mtu huyu muda mrefu, alijua sauti yake ya chuku na sauti yake nyingine, ile ya nadra. Mzee alimwambia kilichokuwa kinamzunguka kichwani. Akinyamaza, Bi Harusi yupo. Atasema mashine ni mbovu, na Alfajiri atafurahi, na Bosi atapanda ndege na majike wake wawili, na yeye ataketi na mpenzi wake kila mchana hadi astaafu. Akisema, hatakuwa na Bi Harusi wala heshima, maana nani atamwamini? Na hata kama wakimwamini, Bosi atapoteza alichokisotea.

Mkewe akauliza kama huko Bosi anakokwenda kuna watu wenye akili. Mzee akasema wamejaa. Je, hawawezi siku moja kuja hapa na kuvuka mto? Mzee akasema maji ni ya magotini. Mkewe aliinuka akaenda kuepua chungu.

Asubuhi Mzee Darubini alifika ofisini kabla ya Bosi. Alfajiri, aliyerudishwa kutoka zamu yake kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, alisimama dirishani kama mtu aliyeibiwa kitu hajajua ni kipi. Mzee akaeleza. Aliogopa kutia chumvi hata chembe, kwa hiyo alisimulia vibaya sana, akirukaruka, akisahau mto, akirudi kwenye sikio. Hakuna kisa chake hata kimoja kilichowahi kuwa kibaya hivyo.

Alfajiri alisema kwamba shemeji yake sasa amevuka mpaka. Bi Kovu ni bibi wa watu, ana historia yake, hawezi kugeuzwa nusu ya kima mwingine kwa sababu ya wivu wa mtu. Bosi alikuwa amesimama mbele ya ukuta wa picha. Bi Kovu alitazama kushoto. Bi Harusi alitazama kulia. Bosi aliweka kidole kwa huyu, kisha kwa huyu, kisha akaomba fimbo yake.

Iliwachukua muda kumfikisha mtoni. Mashemeji walimbeba majini wakiwa wamefungamanisha mikono kama kiti, na hapo katikati ya maji hakuna aliyeweza kumkejeli mwenzake, maana angeteleza. Wakamsimamisha kwenye mahindi. Kima alikuwa zamu. Aliwatazama wote watatu kwa sura zake mbili.

Bosi alishika darubini muda mrefu. Alipoishusha, uso wake haukuwa wa hasira wala wa kilio. Ulikuwa wa mtu aliyeingia nyumbani kwake akakuta milango imehamishwa.

"Nimeandika juu ya ugomvi," alisema. "Nani alikuwa anagombana na nani?"

Alfajiri alitazama maji. Mzee Darubini alitazama miguu yake.

"Mlikuwa nyinyi," alisema Bosi.

"Samahani, mama," alisema Alfajiri.

"Na wengine? Yule dume mwenye ndevu? Yule mtoto mwenye mkia mfupi?" Alimgeukia Mzee Darubini. "Ni wangapi huko juu?"

Mzee alifungua mdomo. Maisha yake yote alikuwa na jibu kwa kila swali, na jibu likikosekana alilitengeneza papo hapo, likiwa na mkia na masikio. Safari hii alitazama msitu, ambao aliujua kama kiganja chake mpaka jana, na haukumwambia kitu.

"Sijui, mama," alisema. "Kwa kweli sijui."

Bosi akatikisa kichwa polepole. Alisema neno hilo ndilo atakaloondoka nalo. Atasimama mbele ya wale wataalamu, awaonyeshe picha mbili za kima mmoja, awaeleze jinsi watu watatu wenye macho mazima walivyokosea kwa kufuata kanuni nzuri. Mzee akamwambia watamcheka. Bosi akasema wacheke, na wakimaliza watakwenda makwao wakazunguke miti yao. Halafu magoti yakamshinda, akakaa chini kwenye mahindi, akaanza kucheka yeye kwanza, kicheko kilichokuwa na machozi ndani yake, na mashemeji hawakujua wamwinue au wakae.

Kuanzia wiki ile zamu zilivunjwa. Alfajiri na Mzee Darubini walitakiwa kwenda pamoja, mmoja kila upande wa mti, na kila kima atazamwe mara mbili kabla hajapewa jina. Alfajiri alilalamika kwamba shemeji anatembea kama fenicha. Mzee alilalamika kwamba msitu wa asubuhi umelowa na mkewe hakuolewa naye ili auguze mafua.

Siku ya kwanza walifika mtini jua likiwa bado changa. Mzee Darubini alikaa upande wa mawio, jua mgongoni, mahali ambapo hakuwahi kukaa. Kima alikuwa kwenye tawi lake, uso kwenye mashamba. Kovu jeupe. Sikio limeraruka. Jicho lililosinyaa, nusu wazi, kwa upande wake.

Alikuwa amemtukana huyu miaka mingi. Alikuwa amemwita mchawi, mwizi wa matunda, mvunja nyumba za watu. Sasa alitafuta katika sura ile kitu chochote anachokijua, namna ya kushika tawi labda, au ile tabia ya kujikuna kabla ya kupiga miayo. Kima akajikuna. Kisha akapiga miayo.

Mzee akavua kofia. Alitaka kumwamkia, na maneno yalikuwa tayari kinywani, yamebaki jina tu. Alikaa vile, kofia mkononi, mpaka Alfajiri aliyekuwa upande wa pili wa mti akamuuliza anangoja nini.

"Nangoja," alisema, akaigeuza kofia mkononi.

Baada ya muda sauti ya Alfajiri ikaja tena, ya chini, si ya kejeli.

"Shemeji," alisema. "Huyu wa huku mbona mzuri hivi?"